Saa Chache Funchal: Shajara ya Safari ya Atlantiki

Ijumaa, Southampton

Meli ilifungua kamba saa kumi na moja jioni, manyunyu yakituteremkia sitahani. Mwanzo wa Mei, na watu bado wamejifunga skafu. Southampton ni mahali pa shughuli tu: kukabidhi mizigo, kupanga foleni, kuonyesha pasipoti, kupigwa picha ya kadi. Ukishapewa chumba chako hayo yote yamekwisha, na hapana atakayekuuliza kitu hadi bandari ya kwanza. Mzee wangu, yaani mume wangu, alisukuma viatu chini ya kitanda, akawasha televisheni kwenye chaneli ya ramani ya safari, akaiacha hapo hapo. Haitabadilishwa mpaka turudi.

Ratiba ni siku tatu za bahari hadi Funchal, kisiwani Madeira, kisiwa cha Ureno, kisha visiwa vya Canary, kisha Lisbon, kisha nyumbani. Wakati wa chakula cha usiku mezani petu kila mtu alikuwa akiitaja Tenerife. Mimi nimeichagua safari hii kwa ajili ya Funchal. Tumeshashuka pale na watoto wangali wadogo, tukashuka na wifi yangu, tukashuka sisi wawili. Kila cha kupandwa tumekipanda. Safari hii tulipatana tukiwa bado nyumbani: hatupandi kitu, hatukodi gari, hatukati tiketi ya makumbusho yoyote. Tunashuka, tunakwenda sokoni, tunakula samaki, tunakaa.

Jumamosi na Jumapili, Ghuba ya Biscay

Ghuba hii ina sifa mbaya kwa mabaharia, na Jumamosi usiku ilituonyesha sababu. Magharibi yake ni Atlantiki tupu. Mawimbi hutoka mbali bila kukutana na kisiwa wala mwamba, kisha sakafu ya bahari inapanda ghafla kutoka kina cha zaidi ya mita 4,000 hadi mita 200 na pungufu, na maji yote hayo yanapandiana. Vikombe viligongana kabatini usiku kucha. Nilitafuna tangawizi mbichi niliyoibeba kutoka nyumbani, nikalala chali, nikaamka mzima. Mzee hasumbuliwi na bahari. Babake alikuwa nahodha wa jahazi, na yeye huamini kwamba hilo ni jambo la kurithiwa.

Linalomshughulisha yeye ni kibla. Sisi wa Mombasa tumelelewa na kibla chepesi: Makka na Mombasa ziko karibu longitudo moja, kwa hiyo ukielekea kaskazini barabara umemaliza. Ukiwa Southampton unaelekea kusini-mashariki, na kadiri meli inavyoteremka ndivyo kibla kinavyosogea kuelekea mashariki. Juu ya hayo, chumba chenyewe kinageuka pamoja na meli. Ndiyo faida ya ile chaneli ya ramani. Husoma meli inaelekea wapi, akapiga hesabu yake, kisha akageuza mkeka. Tukiwa tunashuka kusini-magharibi, kibla kiko ubavu wa kushoto, kimerudi nyuma kidogo. Jumapili alfajiri mkeka ulitazama kabati la nguo, kufika adhuhuri aliusogeza pembe moja kidogo, akaniambia, "Tumeshuka sana, mama." Funchal kibla ni mashariki, bila hesabu.

Jumatatu, Atlantiki

Jua. Makoti yamerudi kabatini, na viti vya sitahani vimejaa kabla ya saa nne.

Leo nimepata mwana. Kijana aliyetuletea chai alitazama kilemba changu, akatazama kadi ya jina iliyokuwa mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi?"

"Likoni, mama."

Basi chai ilipoa. Yuko kwenye mkataba wa miezi kadhaa, na katika miezi hiyo hakuna Jumapili wala sikukuu. Ni zamu kila siku, asubuhi na usiku, na kulala katikati. Mamake anamwona kwenye simu tu. Nilimwuliza kesho Funchal atafanya nini, kwa kuwa nilijua mabaharia hupewa saa mbili tatu za kushuka kati ya zamu na zamu. Akacheka. "Mama, mimi nikishuka sitafuti kitu. Nataka ardhi isiyotikisika na simu ya nyumbani." Nilimweleza tunapopenda kukaa, kule mwisho wa mji wa zamani karibu na ngome ya manjano. Akasema anapajua, ukuta wake una kivuli mchana.

Jumanne, Funchal

Nilikuwa sitahani kabla ya kupambazuka. Ukija kutoka kaskazini, meli huzunguka ncha ya mashariki ya kisiwa, na mkono wa kulia unaanza kuona taa za uwanja wa ndege. Kisiwa hiki hakina tambarare ya kutosha njia ya ndege, basi mwaka 2000 waliirefusha kwa kuisimamisha juu ya nguzo za zege. Ndege inatua juu na barabara inapita chini. Tangu 2017 uwanja unaitwa kwa jina la Cristiano Ronaldo, aliyezaliwa Funchal mwaka 1985. Kisha mji ukajitokeza kidogo kidogo, nyumba nyeupe zenye mapaa ya vigae vyekundu zikiwa zimeupanda mlima kutoka ufukweni hadi zinapoingia mawinguni. Taa za juu kabisa zilikuwa bado zinawaka wakati zile za bandarini zimeshazimwa. Rubani wa bandari alipanda melini kutoka mashua ndogo, na kabla ya saa mbili tulikuwa tumefungwa kwenye Pontinha, ukuta mrefu wa mawe unaoikinga bandari.

Ngazi iliposhushwa ikawa mbio. Mabasi yalikuwa tayari, viongozi wameinua vibao, watu wana vibandiko vya namba kifuani. Wengine walikuwa na ratiba ya kupanda Monte, kitongoji cha mlimani, kwa gari la kamba, kuteremka kwa vigari vya henzerani, kwenda kijiji cha wavuvi cha Câmara de Lobos, kupita kwenye ghala la mvinyo na kurudi, yote kabla ya saa nane. Simlaumu mtu aliyefika kwa mara ya kwanza. Vigari vile vya henzerani ni kitu cha kuona: wanaume wawili waliovaa nguo nyeupe na kofia za mkeka wanakusukuma barabarani kwenye mteremko, na breki yao ni soli za viatu vyao. Kazi hiyo ipo tangu katikati ya karne ya 19. Lakini bandari ngeni hukudai. Inakudai uone hiki na kile, na ukiondoka bila kuviona unahisi umedhulumiwa. Bandari uliyoizoea haikudai kitu. Funchal imeshanionyesha vyake vyote, na sasa naweza kuwatazama watu wake wakiishi siku yao.

Sisi tulikunywa chai ya pili, tukashuka saa tatu na nusu ngazi ikiwa tupu.

Kuna basi la kutoka gatini, lakini kutembea ni bora, dakika ishirini kwa watu wasio na haraka. Unapita chini ya mwamba mweusi wenye ngome juu yake, kisha sanamu ya shaba ya Ronaldo, iliyong'aa pale inaposhikwa na wageni. Mpwa wangu wa Mombasa hutumiwa picha yake kila tukipita, na leo pia ametumiwa. Kutoka hapo ufuo umepanuliwa kuwa uwanja mpana wenye bustani. Watu wengi wanaupita wakidhani ulikuwapo siku zote. Tarehe 20 Februari 2010 mvua kubwa ilipiga milimani, na mito inayokatiza katikati ya mji ikashuka na mawe, miti na magari. Zaidi ya watu arobaini walikufa. Vifusi vilivyozolewa mitaani vilimwagwa hapa ufukweni, na juu yake ndipo ulipojengwa uwanja huu. Watoto walikuwa wakiendesha baiskeli. Mzee alisoma Fatiha kimoyomoyo, kama afanyavyo kila tukipita hapa, nami nikaitikia amina.

Barabara ya Avenida Arriaga ilikuwa ya zambarau. Mijakaranda ya Nairobi huchanua Oktoba na Novemba. Ya hapa huchanua Aprili na Mei, na tulikuwa tumeifumania. Chini, njia za miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vyeusi vya volkano na vyeupe vya chokaa, vimepangwa kwa mkono kufanya mawimbi na maua, na juu ya vijiwe hivyo kulikuwa na tabaka la maua yaliyopukutika. Mfagizi alikuwa akiyakusanya kwa ufagio mrefu. Akimaliza mti mmoja, aliopitia nyuma umeshamwaga mengine. Hakuonekana kukerwa.

Tulikaa kwenye mkahawa ule ule, tukaagiza kahawa ya maziwa katika kikombe kikubwa, ambayo watu wa Madeira huiita chinesa. Mhudumu ni mtu mzima mwenye masharubu meupe. Anatujua kwa sura, hatujuani majina. Alimwekea mzee kiti kitazamacho mti. Ng'ambo ni kanisa kuu, Sé, lililoanza kujengwa miaka ya 1490, ukuta wake umechanganya chokaa nyeupe na mawe ya volkano. Tuliwahi kuingia kuona dari yake ya mbao zilizochongwa, na inafaa kuonwa. Leo tulilitazama kwa nje tu, huku bibi wawili wenye vikapu wamesimama mlangoni wakizungumza kwa mikono na vichwa, kila mmoja akimuaga mwenzake kisha akimrudisha kwa neno jingine. Walikuwa bado hapo tulipolipa.

Kutoka hapo ni sokoni, Mercado dos Lavradores. Jengo ni la 1940, mlangoni lina vigae vilivyochorwa wauzaji na vikapu vyao, na ukiingia unapokelewa na maua: akina mama waliovaa sketi za mistari myekundu wamezungukwa na ndoo za okidi na maua ya ndege wa peponi. Juu ni matunda. Kama hujawahi kufika, sikiliza hili. Watakukata pesheni na kukuonjesha kwa kijiko, na aina ni nyingi: ya ndizi, ya nyanya, ya limau, ya nanasi. Ni tamu, na ukarimu ni mwingi. Uliza bei ya kilo kabla kijiko hakijafika mdomoni, na bei ya kilo hiyo iandikwe, kwa sababu matunda yaliyopangwa kwa ajili ya macho ya wageni yana bei ya macho ya wageni. Mimi huenda kwenye meza za pembeni ambako bibi wa Funchal wananunua viazi na vitunguu. Nilipata matopetope mawili yaliyoiva sawasawa, na ndizi. Ndizi za Madeira ni fupi, zinalimwa kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe mlimani, na maji yake huletwa na mifereji inayokatiza kisiwa kutoka upande wa mvua. Mifereji hiyo ikiunganishwa inazidi kilomita 2,000. Mtu aliyekula ndizi za duka la Uingereza mwaka mzima, akionja hizi, anakaa kimya.

Mzee alikuwa ameshateremka kwa samaki. Hapo ndipo ninapompoteza kila mara, na hapo ndipo ninapompata.

Samaki wa Madeira ni espada. Ni mrefu kuliko mkono wa mtu, mweusi tii, mwembamba, macho yake makubwa mno kwa kichwa chake na meno yake ni sindano. Ana sura ya kutisha na nyama nyeupe laini ajabu. Wavuvi wanamtega usiku kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi, kwenye kina cha mita elfu moja hivi, na shinikizo linapobadilika njiani humuua kabla hajafika juu. Kwa hiyo hujamwona hai, wala muuzaji hajamwona. Leo walikuwa wamelazwa kumi na kitu kwenye meza ya mawe, mikia ikining'inia. Muuzaji alimshika mmoja kichwa kwa mkono wa kushoto, akaupitisha mgongo wa kisu kirefu kutoka shingoni hadi mkiani, na ule weusi ukatoka kama utando, ukabaki mwili wa fedha. Akamgeuza, upande wa pili. Akamkata tumbo, akatupa, akamwagia maji, akamkata vipande kwa kupiga kisu mara moja moja, kila kipande sawa na mwenzake. Haikuchukua muda wa mimi kutafuta miwani. Mzee alitikisa kichwa kwa heshima, muuzaji akakiona, akachukua wa pili na kumfanya polepole zaidi ili tuone. Meza ya pili ilikuwa ya jodari, vipande vikubwa vyekundu, na hapo mzee akajisemea bei za Mombasa.

Nje ya soko kuna mama anayeuza bolo do caco, mkate wa Madeira. Nilisimama kando yake muda mrefu na hakunifukuza. Madonge yalikuwa yamefunikwa kitambaa, yameumuka, yana rangi ya manjano hafifu kwa sababu ndani ya unga wa ngano kuna kiazi kitamu kilichopondwa. Analichukua donge, analibana kwa viganja hadi linakuwa duara la unene wa vidole viwili, analinyunyizia unga mkavu, analiweka juu ya bamba la moto. Zamani bamba hilo lilikuwa jiwe la volkano. Lake ni la chuma. Halitiwi mafuta hata tone. Upande wa kwanza ukishika, anaugeuza, kisha anauegemeza mkate kwa ukingo na kuuzungusha taratibu, ili ubavuni nako kuive. Hilo la kuuzungusha sikuwahi kuliona safari zilizopita, kwa kuwa nilikuwa na watoto wa kuwashika mikono. Anaupasua ukingali unafuka moshi, anapaka siagi yenye kitunguu saumu na majani ya kotimiri ya Kizungu, anaukunja kwenye karatasi. Tuliula tukiwa tumesimama, siagi ikituteremka viganjani.

Mji wa zamani ni mtaa mmoja mwembamba hasa, Rua de Santa Maria, na milango yake karibu yote imechorwa picha na wasanii. Wahudumu wanasimama nje kuwaita watu. Tulipita hadi tulipopajua. Chakula kilikuwa espada aliyekaangwa na ndizi juu yake, viazi pembeni, na soda ya pesheni ya hapa hapa kisiwani, Brisa, kwa kuwa mvinyo wa Madeira, pamoja na sifa zake zote duniani, haukutuhusu. Niliuliza samaki amelowekwa kwenye nini. Mhudumu akaenda jikoni akarudi na jibu kamili: limau, kitunguu saumu, chumvi. Wageni wa meza ya jirani walikuwa wakijadiliana kama ndizi inaweza kweli kukaa sahani moja na samaki. Mtu wa pwani hana mjadala huo. Ndizi ilikuwa imeiva, imekaangwa mpaka ukingo umeshika rangi, na utamu wake uliungana na chumvi ya samaki. Ningeongeza pilipili.

Mwisho wa mtaa ni ngome ya São Tiago, manjano kali mbele ya bahari ya buluu, iliyoanza kujengwa 1614. Tukakaa ukutani kivulini. Chini yetu, wazee wa mji walikuwa wakiteremka ngazi za mawe za Barreirinha, wanajitupa majini, wanapanda, wanajianika, wanabishana, wanajitupa tena.

Mzee amezaliwa nyuma ya Fort Jesus. Mbele ya ngome hii huwa na maneno, na leo tulikuwa na muda wa maneno hayo. Mwaka 1566 maharamia wa Kifaransa waliuvamia mji huu wa Funchal, wakaua, wakapora kwa siku kadhaa, na baada ya hapo Wareno wakaendelea kuuzungushia kuta. Wakati huohuo, Mombasa ilikuwa imeshaonja mizinga yao: Francisco de Almeida aliuchoma mji wetu mwaka 1505, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus. "Watu walewale," mzee alisema. "Hapa walijenga kwa kuogopa kuvamiwa. Kwetu walijenga kwa kuwa wameshavamia." Na mji huu wenyewe ulitajirika kwanza kwa sukari, karne ya 15 na ya 16, na katika mashamba yale ya miwa walikuwamo Waafrika waliofungwa minyororo. Hatulisemi hilo ili kuuchukia mji. Tunaupenda, na wazee wanaojitupa majini hawana deni na mtu. Lakini mahali unapopapenda unapaswa kupajua pote, pamoja na pale panapouma, na huwezi kufika hapo ukiwa na kibandiko kifuani na basi linakungoja.

Saa nane na kitu kijana wetu wa Likoni alikuja kweli, amevaa fulana na kofia, mtu mwingine kabisa bila sare. Akaamkia, akakaa hatua chache kutoka kwetu kwa adabu, akapiga simu. Tulimsikia mamake kabla hatujamwona. Baadaye alinigeuzia simu. "Mama huyu hapa, wa Mji wa Kale." Yule mama, tusiyejuana, alinishukuru kwa kumtazamia mwanawe, na mimi sikuwa nimefanya lolote ila kukaa ukutani. Akaniuliza anakula? Nikamwambia anakula. Nilimpa kijana topetope moja. Alilipasua kwa vidole, akala lote, akatema mbegu kwenye kiganja, akazifunga kwenye karatasi. Kisha akalala. Alilala amekaa, mgongo ukutani, kofia usoni, na mzee akawa anatazama saa kwa niaba yake. Mabaharia hutakiwa kurudi kabla ya abiria. Tulimwamsha saa tisa na robo, akaondoka kwa hatua ndefu.

Sisi tulitembea kwa ufukoni, tukafika ngazini saa kumi, nusu saa kabla ya mwisho. Wale wa vibandiko walikuwa wanarudi wamechoka, wengine wamefurahi sana, mmoja akisimulia kigari cha henzerani kwa mikono miwili. Saa kumi na moja meli ikapiga honi.

Jumatano hadi Ijumaa, visiwa vya Canary

Santa Cruz de La Palma: roshani za mbao kando ya bahari, kahawa, mwendo mfupi. Volkano ya 2021 ilikuwa upande wa pili wa kisiwa; ililipuka Septemba, ikatulia Desemba, ikafukia nyumba zaidi ya elfu moja. Mwenye duka la shuka alituonyesha kwa simu picha za majivu kwenye paa la dadake.

Tenerife kila mtu alipanda mlima Teide, mita 3,715. Tulibaki melini, bwawa la kuogelea likawa letu. Las Palmas, mchanga wa Las Canteras na miguu majini.

Jumapili, Lisbon

Inafaa kuamka mapema kwa ajili ya kuingia tu: meli inapanda mto Tagus, inapita mnara wa Belém, inapita chini ya daraja jekundu la 1966. Kutoka Belém ndipo Vasco da Gama alipong'oa nanga 1497, na Aprili 1498 akawa mbele ya Mombasa. Mzee alisimama upande wa Belém hadi ulipopita. Lisbon ni mji mkubwa mno kwa saa chache na hatuujui vizuri. Tulizunguka, tukapanda, tukashuka, tukapotea vichochoroni, tukarudi na miguu imevimba.

Jumatatu, baharini

Biscay imelala. Nilimpigia dada yangu mkubwa Mombasa, nikamsimulia samaki na ndizi.

"Bila nazi?"

"Bila nazi, dada."

"Na wakamla?"

Tulibishana mpaka intaneti ya meli ikakatika. Msimamo wake ni kwamba ndizi iliyoiva na samaki bila tui ni kazi iliyoachwa nusu. Msimamo wangu ni kwamba samaki wa kina kile, mwenye nyama laini hivyo, tui lingemfunika. Ameapa kujaribu kwa nguru, ambaye ni samaki mwingine kabisa, na nimemwambia hivyo.

Jumamosi, nyumbani

Nguo zimefuliwa. Nimeoka bolo do caco.

Kiazi kitamu kimoja kikubwa, kichemshwe na ganda, kimenywe, kipondwe kikiwa moto. Unga wa ngano mara mbili ya uzito wake, hamira kijiko cha chai, chumvi, na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kwa kuwa kiazi kina maji yake. Ukande mpaka uache mikono, ufunike, uumuke saa mbili. Ukate madonge, ubane kwa viganja, uache tena nusu saa. Chuma cha chapati moto mdogo, kikavu, kwa sababu moto mkali unaunguza nje na ndani kunabaki kubichi. Dakika sita au saba kila upande, halafu ubavuni: egemeza, zungusha, kama yule mama. Ubavuni ndiko siri yake, mkate unabaki mnene bila kuwa mbichi pembezoni. Siagi, kitunguu saumu, kotimiri.

Mzee alikula wake kabla siagi haijayeyuka, akachukua wa pili. Jirani wa Lamu amebeba miwili kwa wanawe, na anataka nimwonyeshe Jumapili. Nitanunua viazi vya nyama nyeupe safari hii. Vile vya rangi ya chungwa vina maji zaidi na vinautia mkate rangi.